Kuvua perege kwa ndoano kwenye visiki vya Mtera, mnafanyaje?

Mwalimu wa Kihesa

Wakuu, kamwene. Mimi ni mwalimu hapa Iringa mjini, mvuvi wa wikiendi tu. Nikipata nafasi napanda basi la Dodoma, nateremka Migoli, namkodi kijana mwenye mtumbwi, tunaingia bwawa la Mtera. Mpwa wangu kanitumia fimbo ya kisasa, ile yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, pamoja na kopo la visamaki vya plastiki vyenye ndoano za matawi matatu tumboni.

Shida yangu ni ile miti. Mnaopita barabara ile mnaijua: msitu wa miti mikavu iliyosimama majini tangu bwawa lijazwe, ndege mnandi wamejaa juu yake. Kila ninayemuuliza anasema perege wamo humohumo kwenye visiki. Sibishi, alfajiri nawaona wakitoa midomo. Lakini nikirusha, nanasa. Nikivuta, mshipi unakatika, kisamaki changu kinabaki kupamba mti. Na nisiponasa ndiyo sipati kitu kabisa, kijana wa mtumbwi ananiangalia kwa huruma ambayo haikuwemo kwenye bei.

Usiku naangalia video za Wamarekani wanaovua kwenye maziwa yenye miti namna hii, samaki wanaowaita krapi na wolai. Wanawatoa mfululizo kwenye kisiki kimoja. Je, mbinu zao zinafaa Mtera? Na ninyi wenyeji mnaingiaje kwenye visiki bila kuacha mali yote huko?

Chubwi

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Mimi nimezaliwa Migoli, mzee wangu alikuwa mvuvi, nami navua mpaka leo ingawa sasa hivi zaidi nauza nailoni na ndoano.

Acha kurusha. Kurusha ni kwa maji ya wazi. Kwenye visiki unashusha. Mwambie kijana aufunge mtumbwi kwenye mti wenyewe, taratibu, asigonge shina kwa kasia, maana mti mkavu unapeleka mlio mpaka chini na perege wote wanahama. Kisha shusha mshipi wima ubavuni mwa shina, upande wa kivuli. Ukishusha wima, ndoano haina matawi mengi ya kushika. Ikishika, usivute. Legeza mshipi, tikisa kidogo, chubwi, yaani ile risasi ya kuzamishia mshipi, ishuke kwa uzito wake iichomoe.

Halafu hivyo visamaki vya plastiki. Perege hana habari ya kufukuza samaki. Kilichompeleka kwenye mti ni ule utelezi wa kijani unaoota majini kwenye shina, anaukwangua. Mpe kitu kidogo na laini: kipande cha nyungunyungu, au donge la ugali uliokandwa na pumba, lisizidi punje ya hindi. Ndoano nayo iwe ndogo. Kiboya chepesi, hata kipande cha ndala kinatosha. Usingoje kiboya kizame kama kwenye hizo video zako. Perege anakitetemesha, kinalala ubavu, kinasogea kidogo. Hapo hapo nyanyua.

Zipo siku utawaona wamejaa na hawagusi. Jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na akiwa nao hali. Dume naye kachimba kiota chake cha duara kwenye kina kifupi, analinda. Hama, sogea kwenye kina kirefu zaidi.

Kubwa kuliko yote ni maji. Hili bwawa lilijengwa kutunza maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu, na baadaye ikaja ya hapahapa Mtera. Likijaa kabisa linafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na chini mwisho wake ni 690. Mita nane na nusu zinasikika kidogo, ila nchi yenyewe ni tambarare, maji yakishuka yanakimbia mbali. Mti uliofungia mtumbwi mwezi wa tano, mwezi wa kumi na moja unaukuta nchi kavu, ng'ombe wanajikunia. Usikariri mti, kariri kina. Kiangazi miti yenye samaki ni ya kandokando ya mkondo wa zamani wa mto Ruaha, na chini huko ndiko anakolala kambale. Huyo hana makuu: utumbo wa kuku, ndoano kubwa, jua likizama, chambo kiguse tope.

Niongeze hili ingawa hukuuliza. Watu wanailaani ile miti kwa kuchana nyavu. Mimi naona ndiyo iliyotubakizia samaki, maana kokoro, ule wavu wa kukokota, haliburuziki kwenye visiki. Maji yakishuka wapo wanaokata visiki kupata kuni za kukaangia samaki wa kuuzia abiria. Maji yakirudi, pale palipokatwa kokoro linapita usiku na kuzoa mpaka vifaranga. Kisha tunakaa kijiweni tunasema samaki wamehama.

Mnyalukolo wa Missouri

Mwalimu, mimi mtoto wa Mafinga, maisha yamenileta Missouri. Navua Truman, bwawa la mto Osage lililokamilika mwaka 1979, na walipolijaza waliacha maelfu ya ekari za miti bila kufyeka. Ukiliona utasema Mtera, kasoro viboko.

Aliyosema Chubwi ndiyo wanayofanya huku. Mtu wa krapi akifika kwenye mti hushusha jigi, ndoano ndogo yenye kichwa cha risasi cha gramu mbili hivi, imevalishwa manyoya au plastiki laini. Anaiteremsha ubavuni mwa shina na kuituliza. Tofauti ni kwamba krapi haji kukwangua mti. Anajificha hapo kuotea visamaki, na kwa kawaida anashambulia akielekea juu, ndiyo maana jigi huwekwa juu yake kidogo. Baridi ikiisha, maji yakifika nyuzi 16 mpaka 20 za Selsiasi, wanapanda kwenye kina kifupi kutaga, na hapo hata mgeni anapata. Mdomo wake ni mwororo, ukimnyakua kwa pupa unachanika.

Wolai ni habari nyingine. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, kama wa paka, kwa hiyo gizani anaona vizuri kuliko wale anaowawinda. Mtafute chini, pembeni mwa miti, kwenye ukingo wa mkondo wa zamani, jua likizama na usiku. Kwa hiyo ukimfuata kambale Mtera, fikiria wolai. Ukimfuata perege, sahau video zote isipokuwa ule mkono wa kushusha wima.

Cha kuiga huku ni ndoano za waya mwembamba. Ikinasa, zungusha mshipi kwenye kipande cha mti, usiuzungushe mkononi, vuta polepole. Ndoano inanyooka na kutoka, unaikunja tena kwa koleo. Sharti mshipi uwe na nguvu kuliko ndoano. Wewe umefunga ndoano ngumu kwenye mshipi dhaifu, lazima kitakachoshindwa kiwe mshipi.

Na hao jamaa wa video wana kioo kinachowaonyesha samaki waliko kwa mawimbi ya sauti, halafu saa walizokaa bila kupata wanazikata.

Mama Chai Izazi

Wote mnaongea ndoano, hakuna aliyemtajia Mwalimu mamba. Usinawe mikono kando ya mtumbwi, wala usioshee samaki hapo. Ndoano ikinasa usishuke majini kuifuata, hata kama kijana anakuambia ni kina cha magoti. Viboko wanarudi majini alfajiri na kutoka jioni, usisimame kwenye njia yao. Upepo ukianza kuchafua maji rudini ufukweni, kwa sababu vile visiki vilivyozama kidogo tu hamtaviona kwenye mawimbi na vinatoboa mtumbwi. Boya la kuvaa unalo? Na upite kwa afisa uvuvi umuulize habari ya leseni kabla doria haijakuuliza wewe.

Mwalimu wa Kihesa

Asanteni sana. Mama, boya sina, nitatafuta kabla ya kurudi huko. Mnyalukolo, hiyo ndoano ya waya mwembamba, perege mkubwa si atainyoosha aondoke zake?

Chubwi

Perege wa kujaza sahani hainyooshi ukimchosha taratibu, usimnyanyue kwa mshipi, mkinge kwa kijiwavu. Kambale ataifanya pini. Kwa huyo weka ndoano nene na umvulie nje ya visiki, akiingia ndani humtoi.

Visamaki vya plastiki vilivyobaki usivigawe. Kwenye mkondo kuna yule samaki wa meno, huyo ndiye anayevifukuza. Tanguliza kipande cha waya mbele ya ndoano, nailoni anaikata. Waya ninao dukani, na hizo ndoano nyembamba pia. Jumamosi nipo mpaka saa nne, baada ya hapo niulize mwaloni.