Naomba ushauri: nimpeleke wapi mama akale samaki wa kupaka?

Ndugu na dada zangu, hamjambo. Mamangu anakuja hapa Mombasa kutoka Lamu wiki ijayo, na nataka kumtoa jioni moja akale vizuri, apikiwe yeye kwa mara moja.

Mara ya mwisho nilimpeleka mkahawa mmoja Nyali. Muziki juu, samaki mkavu. Alikula matonge matatu, akakunja kitambaa polepole, akaniambia, "Nimeshiba, mwanangu." Moyo uliniuma.

Siku ya pili tukaenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. Mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu, dafu mkononi, upepo wa bahari: alicheka mpaka machozi. Ila goti lamsumbua, kukaa chini hawezi tena.

Tuko wanne, nina kama shilingi 4,000, na twatoka Likoni kwa feri.

Naomba mnijuze: ni wapi Mji wa Kale au karibu na hapo panapopikwa samaki wa kupaka kwa tui zito la nazi, pana utulivu na viti vya kuegemea? Na je, twende baada ya Magharibi, au samaki mzuri huwa ameshaisha mchana?