Mjadala: Alkemia ya Zama za Kati (juhudi za kale za kugeuza metali za kawaida kuwa dhahabu) iingizwe kwenye vitabu vya kemia, au iachwe?

Mleta mada: Wakuu, historia ya maada shuleni mara nyingi huanza na Democritus, Mgiriki wa kale aliyesema vitu vimeundwa na atomu, kisha hurukia Dalton, Mwingereza aliyeifufua nadharia hiyo karne ya 19, kana kwamba miaka elfu mbili katikati hapo watu walilala. Napendekeza Zama za Kati zifundishwe. Chukueni nadharia iliyomo kwenye maandishi yenye jina la Jabir ibn Hayyan, mwanaalkemia wa ulimwengu wa Kiislamu: metali zote huzaliwa ardhini kutokana na zebaki na salfa, zikipishana kwa usafi na kiasi tu. Nadharia hiyo ilitokana na vitu walivyoviona. Ukichoma jiwe la risasi, harufu ya salfa inakupanda puani. Ukipasha jiwe jekundu la zebaki, zebaki inatoka. Ukisaga zebaki na salfa pamoja unapata unga mweusi. Ukiupasha ndani ya chupa iliyozibwa, unapanda na kuganda juu ukiwa mwekundu. Aliyeshuhudia hayo alikuwa na kila sababu ya kuamini.

Kijiti: Kuona si kueleza, mkuu. Maada kwao ilikuwa udongo, maji, hewa na moto, na sifa nne: joto, baridi, unyevu, ukavu. Mwanafunzi atachanganya "elementi" hizo na zile za jedwali la elementi la leo. Na utapeli ulikuwepo: mwaka 1317 Papa Yohane XXII alitoa amri dhidi ya waliouza dhahabu ya alkemia.

Mwanatanuri: Kijiti, matapeli hao walinaswa kwa kipimo cha usafi wa dhahabu ambacho wanaalkemia wenyewe walikiandika, tena kwa makini, mwishoni mwa karne ya 13. Unasaga mifupa iliyoungua hadi iwe nyeupe, unachekecha, unalowesha kidogo na kushindilia kikombe kidogo. Kikauke kabisa, la sivyo unyevu utarusha metali nje. Kikishaiva kwa moto, weka risasi yenye uzito mara kadhaa wa sampuli, kisha sampuli yenyewe ya dhahabu inayopimwa, na uvukute hewa juu yake. Risasi inaungana na hewa, inayeyuka na kunyonywa na majivu, ikibeba shaba na bati. Mwisho tone la dhahabu lililobaki linang'aa ghafla. Ukipunguza moto mapema, utando unaganda juu na kazi inakwama. Ukiweka risasi kidogo, shaba inabaki. Fedha nayo haiondoki kwa njia hii. Hiyo hutengwa kwa tindikali kali ya chumvi ya shura, na fedha iwe karibu mara tatu ya dhahabu. Pungufu ya hapo dhahabu huifunika fedha, tindikali haipenyi.

Fundi Mizani: Nami naongeza Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki 1037. Alikataa katakata kwamba metali moja hugeuka nyingine: fundi anaweza kuipaka shaba rangi ya fedha, asili yake ikabaki ileile. Al-Biruni, mwanasayansi wa zama zake, alipima badala ya kubishana. Chombo kinajazwa maji hadi mdomoni, metali inazamishwa, na maji yanayomwagika yanapimwa uzito. Al-Khazini, mwanasayansi wa mji wa Merv, mwaka 1121, aliandika kuwa uzito wa dhahabu ni mara 19.05 ya maji ya ujazo uleule; sisi tunasema 19.3. Gramu 100 za dhahabu humwaga maji gramu 5.2. Shaba iliyotiwa rangi, kwa uzito huohuo, humwaga zaidi ya 11. Huwezi kuidanganya mizani hiyo kwa rangi.

Kijiti: Hapo nimekubali. Ila mleta mada asiseme atomu zilisahaulika. Wanakalamu, yaani wanatheolojia wa Kiislamu, walifundisha jauhari (chembe) isiyogawanyika, na mwenzao al-Nazzam akawapinga akisema maada hugawanyika bila kikomo. Udhaifu ni kwamba atomu hizo zilikuwa za kueleza uumbaji wa Mungu kila wakati; hazikusema kwa nini shaba inayeyuka. Huko Paris, maandishi ya mwanafalsafa Nicolas d'Autrécourt, aliyetetea atomu, yalichomwa moto mwaka 1347.

Mleta mada: Sikusema zilisahaulika, nilisema vitabu vinaziruka. Lakini nakubali kubadili pendekezo: zebaki na salfa zibaki kwenye maelezo tu, mvuke wa zebaki ni sumu.

Mwanatanuri: Na kikombe cha mifupa pia kisifanywe darasani, moshi wa risasi ni hatari vilevile. Njia ya al-Biruni inatosha: chupa yenye mdomo mwembamba, mizani ya gramu 0.1, na kipande cha metali kisichopungua gramu 100. Kikiwa kidogo zaidi, tone moja tu linaloning'inia mdomoni linaharibu jibu.