Mgahawa ukisemwa una mzimu, maneno ya mpiga ramli na wahudumu ni ushahidi au siyo? Tujadili

Mwanzisha mada

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Hii mada nimekaa nayo muda mrefu, naomba tuijadili kwa hoja, kutukaniana dini tuache pembeni.

Kuna mgahawa Marekani unaitwa Moss Beach Distillery, uko California kusini ya San Francisco, umejengwa juu ya jabali linaloangalia bahari ya Pasifiki. Ulianza 1927, enzi zile pombe imepigwa marufuku Marekani nzima (kuanzia 1920 mpaka 1933), mwenye mali akiitwa Frank Torres na watu wakipaita Frank's Place. Wiski ilikuwa inashushwa usiku ufukweni halafu inapandishwa juu ya jabali kimyakimya, wakubwa wanakuja wanakunywa wanaondoka. Hapo ndipo inapotokea hadithi ya mwanamke wa gauni la bluu, wenyewe wanamwita Blue Lady, eti alikuwa mke wa mtu akapendana na mpiga piano wa pale na akafa kifo kibaya. Alikufaje? Inategemea nani anakusimulia, huyu atakwambia ajali ya gari, yule atakwambia alichomwa kisu ufukweni. Basi tangu hapo watu wanasimulia simu inaita ukipokea hakuna mtu, kitabu cha hundi kinaelea hewani, chumba kinajifunga kwa ndani, wateja wanawake wanapotewa na hereni mojamoja halafu siku moja zinakutwa zote sehemu moja.

Wachunguzi wamekwenda wengi. Anayejulikana zaidi ni Loyd Auerbach, huyu amefuatilia hiyo sehemu tangu miaka ya 1990, anahoji wahudumu, anakuja na vifaa vya kupima sumaku na anakuja na watu wanaosema wanaona yasiyoonekana, mmoja wao marehemu Annette Martin. Halafu 2008 wakaja TAPS, kikundi cha wawinda mizimu wa kipindi cha televisheni cha Ghost Hunters, wakiongozwa na Jason Hawes na Grant Wilson, ambao kazi yao ya mwanzo ilikuwa ufundi bomba. Sasa fundi bomba akiingia kwenye jengo anaangalia nyuma ya ukuta. Wakakuta taa inayobembea yenyewe ina mtambo, choo cha wanawake kina spika ya sauti ya mwanamke anacheka, na kioo kimetengenezwa kitoe sura ya mtu.

Watetezi wanasema vile vifaa ni burudani tu, viliwekwa miaka mingi baada ya hadithi kuanza, kwa hiyo ushahidi wa zamani uko palepale. Mimi naona haupo palepale. Unga ukiingia mchanga huwezi kusema kila punje ni mchanga, lakini ugali haupikiki tena. Mteja aliyesikia kicheko chooni mwaka huu na aliyesikia miaka ishirini nyuma wote wamewekwa fungu moja, na aliyewachanganya ni mwenye mgahawa, siyo sisi tunaouliza maswali.

Kinachoniuma zaidi ni hili la wahudumu kutumika kama mashahidi, kwa sababu mimi nilikuwa shahidi wa namna hiyo.

Nilikuwa weita kwenye mgahawa mmoja Tanga mjini, sitautaja. Ikaanza hela ya kaunta haifiki hesabu, wiki ya pili sahani zinadondoka zenyewe kwenye kabati, na usiku wakati wa kufunga unasikia kama mtu anatembea stoo ya juu. Bosi akasema hii ni chuma ulete, yaani uchawi wa kuvuta hela, na kuna kitu kimeletwa humu ndani. Akaleta mganga. Tulikuwa tisa, tukasimamishwa mstari mmoja jikoni saa tano usiku, kila mmoja anaulizwa mbele ya wenzake ameona nini. Wa kwanza akasema amesikia nyayo. Wa pili nyayo, na akaona kivuli. Wa tatu akasema kile kivuli ni cha mwanamke. Ilipofika kwangu nikasema mwanamke mtu mzima. Wakuu, mimi nilisikia sauti juu ya dari basi, hicho kivuli sikukiona kabisa, lakini nimesimama pale wenzangu wote macho kwangu, bosi ndiye anayenilipa, mganga ameshika usinga, na kila aliyenitangulia ameongeza kidogo, nikaona mimi nikisema sijaona kitu ndiyo nitaonekana nina la kuficha. Mganga wala hakuhangaika, sisi ndio tuliomchorea. Akamtaja mama aliyekuwa anaosha vyombo, mwanamke mtu mzima peke yake mle ndani, alikuwa na miaka sita pale, na usiku uleule akaambiwa asirudi.

Kwa hiyo swali langu, mgahawa ukidaiwa una mzimu au jini, ushahidi wa mpiga ramli na wafanyakazi tuuchukue kama ushahidi au hapana? Kule Marekani mzimu unaleta wateja, huku kwetu mzimu unatafutiwa mtu wa kubebeshwa. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu yangu nimekusoma na nimekuonea huruma, lakini hapo umechanganya mambo mawili. Mimi niko Mombasa, nimepika kwenye hoteli za watalii miaka kumi na minne, na sisi Waislamu majini tunayaamini, yametajwa ndani ya Qur'ani, hilo halina mjadala. Kuna hoteli moja nilifanya kazi, chumba cha baridi cha nyuma hakuna aliyetaka kuingia peke yake usiku. Nywele zinakusimama, kifua kinakubana, unahisi kabisa mtu yuko pembeni yako ukigeuka hakuna. Hatukuambizana, kila mtu alilijua lake, tulikuja kuzungumza baadaye sana na ikawa ni vilevile. Na bosi alikuwa mzungu, hakutaka kusikia, anayelitaja anaonywa. Sasa hapo nani alitulipa tuseme? Wewe ulisema uongo siku ile, Mungu akusamehe, lakini usituvishe kanzu yako sote. Kama macho ya mfanyakazi hayana thamani, basi hata akisema amemwona mwizi asisikizwe.

Mwanzisha mada

Kaka nashukuru, na hapo umenigusa maana kesi yako ni tofauti na yangu, nyinyi hamkuwa na faida ya kusema na hamkusikilizana kabla. Ushahidi wa namna yako ndio naona wa kufuatiliwa. Sijasema umedanganya. Nywele zilisimama kweli, kifua kilibana kweli. Ninachobishania ni ile hatua ya pili, ya kutoka kwenye kifua kubana mpaka kwenye "kuna mtu".

Kuna injinia Mwingereza, Vic Tandy, alikuwa anafanya kazi kwenye maabara moja ambayo watu waliisema hivyohivyo, baridi, hofu, kuna kitu cha kijivu kinasimama pembeni ya jicho ukigeuka kinapotea. Yeye mwenyewe alikiona akatokwa jasho. Kesho yake kaenda na upanga wake wa mchezo wa vitara, kaubana mezani, ukaanza kutetemeka wenyewe hakuna aliyeugusa. Mtu mwingine angekimbia, yeye akausogeza polepole huku anaangalia wapi unatetemeka zaidi, akagundua ni feni ya kutolea hewa, inatoa mvumo wa karibu mara 19 kwa sekunde, sikio haliusikii lakini mwili unaupata. Feni iliporekebishwa yule wa kijivu hakuonekana tena. Aliandika hayo 1998. Sasa kaka nikuulize, kile chumba cha baridi kilikuwa na feni kubwa au compressor ya zamani? Sisemi ndiyo jibu, wenzake waliokuja kupima mivumo hiyo sehemu nyingine hawakupata matokeo yanayofanana kila mara. Nasema lilikuwa jambo la kupimwa na hakuna aliyepima, bosi wako alinyamazisha na wa kwangu akaleta mganga, wote wawili hakuna aliyefungua ukuta.

Na hili la pili ni la hatari kweli, wenye migahawa humu msilipite. Daktari wa macho Marekani, William Wilmer, aliandika 1921 kuhusu familia iliyohamia nyumba moja, wakawa wanasikia nyayo, wanaona watu wageni miguuni pa kitanda, watoto wanadhoofika, maua yanakufa. Lilikuwa tanuru bovu, moshi unarudi ndani, ile hewa ya sumu isiyo na harufu, carbon monoxide. Tanuru likatengenezwa, mizimu ikahama. Sasa fikiria majiko yetu ya mkaa kwenye jiko la nyuma, mvua inanyesha dirisha limefungwa, watu wamo humo kwa masaa kumi na mawili kichwa kinauma. Huku kwetu watu wanakufa kwa jiko la mkaa kulala nalo ndani, kila msimu wa baridi tunasikia. Mfanyakazi akikwambia anaona vivuli jikoni, kabla ya kwenda kwa mganga fungua madirisha, huenda unaokoa roho ya mtu.

Mchangiaji wa pili

Nipo Marekani nasoma sheria, nachangia kidogo tu. 1991 mahakama ya rufaa New York iliamua kesi ya Stambovsky dhidi ya Ackley. Mama aliuza nyumba yake iliyoko Nyack, na miaka yote alikuwa ameitangaza kwenye magazeti kwamba ina mizimu. Mnunuzi hakuwa mtu wa kule, hakujua, alipojua akataka kuvunja mkataba. Majaji wakasema kwa kuwa mwenye nyumba mwenyewe aliutangazia umma, hawezi kugeuka leo akakana, kwa hiyo mbele ya sheria nyumba ina mizimu. Hawakusema mizimu ipo, walisema aliyelitangaza jambo ndiye wa kulibeba. Naona ndiyo njia, mgahawa ukiuza mzimu ubebe dhamana yake. Kwenye mada yako Tanzania mna Sheria ya Uchawi tangu 1928, na Kenya wana ya kwao ya 1925 inayosema wazi kumtuhumu mtu kuwa mchawi ni kosa.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mama nina mgahawa Mwanza. Hizo za Wazungu nimezielewa ila naomba mtofautishe, si kila mganga ni mchonganishi, wapo wanaokuombea dua tu biashara ikae sawa na hawamtaji mtu. Na nyie wanaume mnaongea sana sheria, wakati mama wa watu kaondolewa usiku hakuna aliyemtetea. Nauliza swali moja, baada ya huyo mama kuondoka, hela ya kaunta iliacha kupotea?

Mwanzisha mada

Nimerudi wakuu, samahani nilikuwa kazini.

Mdogo wangu wa sheria, hiyo kesi nimeipenda, hasa hapo kwamba aliyetangaza ndiye abebe. Lakini kwetu anayetangaza ni bosi na anayebebeshwa ni muosha vyombo. Na sheria unayosema ipo kwenye karatasi, mwaka 2015 serikali ilibidi itangaze tena marufuku ya wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na bado mpaka leo lambalamba, wale wasaka wachawi, wanaingia vijijini mchana kweupe wanapokelewa na ngoma. Mfanyakazi asiye na mkataba atakwenda polisi kumshtaki nani? Siku ile tulikuwa tisa na hakuna hata mmoja aliyejua kama kuna sheria.

Kaka wa Mombasa, ulisema macho ya mfanyakazi yasipuuzwe, basi tuyasikilize vipi? Mimi ningetaka hivi, kila mtu ahojiwe peke yake, siyo kwa bosi, na aandike kabla hajasikia ya mwenzake, na aulizwe kwanza siku yake ya kwanza kazini aliambiwa nini kuhusu hilo jengo. Maana pale Moss Beach mhudumu mpya huenda anaipata hadithi kabla hajaijua menyu, baada ya hapo kila glasi ikidondoka tayari ina mwenyewe. Na anayesema ana kipawa aingizwe bila kujua anapelekwa wapi, waje watatu siku tofauti, tuone kama wataonyesha kona moja. Kumleta mtu kwenye mgahawa ambao umeshaonyeshwa televisheni Marekani nzima halafu akasema "namwona mwanamke wa bluu" hicho siyo kipimo. Nasema hivi nikiwa mtu ninayeamini kuna vitu Mungu ameviumba hatuvioni, sijaja kuwageuza watu imani.

Mama wa Mwanza, shikamoo. Swali lako ndilo nilitakiwa kuliweka kwenye mada na sikuliweka kwa sababu naona aibu. Hela haikuacha kupotea. Wiki ile ile ilipotea tena, na mwezi uliofuata, na nilipoacha kazi baada ya mwaka na nusu ilikuwa bado inapotea. Sahani pia ziliendelea kudondoka, kabati lilikuwa limeinamia mbele, mlango haukai, nilikuja kuliona siku tunalihamisha kupaka rangi. Wote tulijua hela bado inapotea na hakuna aliyesema basi tulimwonea yule mama, tulisema ameacha kitu chake humu.

Nilimkuta mwaka jana soko la Ngamiani anauza mihogo. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, akanifungia mihogo ya elfu moja na kuniongezea. Sikuweza kumwambia kwamba "mwanamke mtu mzima" ni neno nililosema mimi.