Kani bandia za fizikia: je, mwili huzihisi kweli? Tupeane uzoefu

Mwendo wa Duara: Wakuu, nilikuwa namweleza mdogo wangu kwamba kani inayomtupa abiria upande wa nje wa kona ni kani bandia, yaani haipo ila kwa anayepima mwendo akiwa ndani ya gari. Akaniuliza, mbona bega linauma? Mwenye tukio lake alieleze hapa.

Abiria wa Iringa: Umenikumbusha mlima Kitonga na kona zake. Basi letu lilikuwa linateremka kutoka Iringa, nami nimekaa dirishani upande wa kushoto, na kila dereva alipokata kona ya kulia mwili wangu wote ulielemea ukutani hadi ukingo wa dirisha ukanichimba mbavuni. Kwenye kona moja kali, mama aliyekaa upande wa njia, asiye na cha kushika kwa sababu amempakata mtoto, aliserereka kwenye siti akaniangukia, madumu yaliyopangwa njiani yakaja miguuni kwetu, na watu wakaanza kutapika. Mtu asiniambie kwamba kani ile ilikuwa ya kufikirika.

Mto Ruaha: Kitonga hiyohiyo, hata mimi.

Mpenda Vipimo: Pole sana. Lakini tazama kilichokuumiza: ni ukingo wa dirisha. Mwili wako ulikuwa unaendelea kwenye mstari ulionyooka, basi likakata kona, na ukuta ukaja kukusukuma kuelekea ndani ya kona. Kani ya ukuta ni halisi, na ndiyo uliyoihisi.

Bi. Mizani: Sikubaliani nawe. Kwa hoja hiyo hata uzito hatuuhisi, maana tukisimama tunachohisi ni sakafu inayosukuma nyayo. Einstein aliliona jambo hili mwaka 1907, kwamba mtu anayeanguka bila kizuizi hauhisi uzito wake. Ukiiita kani ya kona bandia, uiite bandia na kani ya mvutano wa Dunia.

Mpenda Vipimo: Naiita hivyo, na nadharia ya Einstein ya 1915, inayoueleza mvutano kuwa ni kupinda kwa anga na wakati, inaniunga mkono.

Mgeni wa Nanyuki: Mimi niliiona kani ya Coriolis, ile kani bandia inayoonekana kupindisha vitu vinavyosafiri juu ya Dunia inayozunguka, kwa macho pale ikweta. Hatua chache kaskazini maji ya beseni yalizunguka hivi, kusini yakazunguka kinyume.

Bi. Mizani: Hiyo si Coriolis, tafadhali. Kwenye ikweta athari yake ya mlalo ni sifuri, na hatua chache haziongezi kitu. Maji yanafuata namna yalivyomiminwa. Mtafiti Ascher Shapiro alipoitafuta kule MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1962, aliyaacha maji ya tangi pana yatulie kwa saa 24 kwanza.

Mgeni wa Nanyuki: Nilichokiona nilikiona.

Muuguzi wa Zamu: Mmelisahau sikio. Ndani yake mna chembe za chokaa zilizokaa juu ya utando laini, na gari likibadili mwendo chembe hizo huchelewa na kuupinda utando, hivyo mtu huhisi kona hata kabla hajaugusa ukuta. Anayechafukwa na moyo atazame mbali barabarani.

Mto Ruaha: Mimi hufumba macho na kutafuna tangawizi, na hunisaidia.

Bi. Mizani: Hata utando huo unasukumana na chembe, kwa hiyo bado ni mguso. Abiria wa Iringa, yule mtoto alipona?

Abiria wa Iringa: Hakuumia, ila mama yake alivimba mkono. Tulipopiga kelele dereva alipunguza mwendo, na kona zilizofuata, ambazo hazikuwa na nafuu yoyote, tulizipita tumetulia.

Mpenda Vipimo: Ndivyo inavyokuwa. Mwendo ukipungua nusu katika kona ileile, ukuta unakusukuma kwa robo tu ya kani ya awali.