Kwa nini aliyekosewa ndo aanze kupatanisha?

mtafutaji: Wakuu naomba kueleweshwa. Nasikia sana "tumepatanishwa na Mungu kwa damu ya Yesu", sasa kwa kawaida watu wakigombana aliyekosa ndo anaenda kuomba yaishe, mbona hapa aliyekosewa kaanza yeye? Na kama yaliisha msalabani, toba ya nini tena?

msomaji77: Umegusa penyewe mkuu. Soma 2 Wakorintho 5:18-20, Mungu ndo anapatanisha na sisi ndo tunapatanishwa, Paulo hageuzi hiyo hata siku moja, na neno la Kigiriki alilotumia, katallasso, asili yake ni kubadilishana, yani uadui unatoka urafiki unaingia. Halafu Warumi 5:10 inasema ilikuwa tukiwa bado adui, sio baada ya kujirekebisha kwanza!!

bibi_wa_neno: Sawa ila usiruke mstari wa 9 mwanangu, ghadhabu imetajwa hapo hapo. Mimi naona uadui haukuwa wa upande wetu tu, dhambi ilimchukiza Mungu kweli, ndo maana ikahitajika damu na sio maneno matamu.

msomaji77: Hapo sikupingi bibi, wanateolojia wenyewe wamevutana sana

kimya_kimya: Kuhusu toba, huo mstari wa 20 wa 2 Wakorintho 5 Paulo anasihi "mpatanishwe na Mungu", na barua kawaandikia watu wa kanisa. Ni kama umesamehewa deni ila bado unamkwepa mwenye pesa ukikutana nae njiani, deni halipo lakini urafiki je?

mtafutaji: Duh, huo mfano wa deni umenikamata