Madoa ya jua na vimbunga: watabiri wayazingatie au wayaache?

Mwanahewa: Wakuu, hebu tulijadili hili kwa utulivu. Mwaka 2008 Elsner na Jagger wa chuo kikuu cha Florida State walieleza kuwa madoa ya jua, yaani sehemu nyeusi usoni mwa jua ambazo huzidi na kupungua kwa zamu, yakiwa mengi, vimbunga hupungua Karibi na pwani ya Marekani. Madoa yakizidi, mionzi ya urujuanimno ya jua, isiyoonekana kwa macho, nayo huzidi na kupasha hewa ya juu, tofauti yake na joto la bahari inapungua, kimbunga kinakosa nguvu. Mwaka 2020 madoa yalikuwa haba, na Atlantiki ikapata dhoruba 30 zenye majina. Watabiri walihesabu jua?

Kaka_Ubungo: Mwaka 2024 madoa ya jua yalikuwa kileleni. Mbona kimbunga Beryl kilifika daraja la 5, la juu kabisa, mapema Julai, kisha Helene, kisha Milton? Bahari imechemka, basi. Watu wa pwani kila jambo mnalitafutia nyota.

Mtoto wa Mkoani: Nyota? Babu zetu walikwenda Muscat kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, nyota ndizo zikiwaongoza. Wewe neno kimbunga umelijua Hidaya kilipofika Mafia, Mei 2024.

Mwanahewa: Jamani, Elsner hakusema jua linafuta vimbunga. Linapunguza uwezekano, na kwa eneo. Mashariki ya Atlantiki mambo yanageuka.

Kaka_Ubungo: Mkoani, nimesema unajimu. Usinizushie ubaharia.

Bint Malindi: Huku kwetu hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka 1872 Charles Meldrum wa Mauritius alidai vimbunga vya Bahari ya Hindi huzidi madoa yanapozidi, kinyume kabisa na Elsner. Na mwaka huohuo Unguja ilipigwa, mikarafuu ikalala, merikebu za Sayyid Barghash zikazama. Kilele cha madoa kilikuwa 1870.

Fundi Takwimu: Na Lindi 1952 je? Madoa yalikuwa yanapungua, kilele kilishapita 1947. Kwa pwani inayopigwa mara chache hivi, utachora mstari gani wa kuunganisha madoa na vimbunga? Marekani wana kumbukumbu za vimbunga za zaidi ya karne, na bado wanabishana.

Shamba Letu: Bint Malindi, sema lote. Pemba ilisalimika 1872, ndiyo maana karafuu ikahamia huko.

Mtoto wa Mkoani: Asante! Karafuu ya Pemba ndiyo iliyowalisha, leo tunaambiwa tunapiga ramli.

Bint Malindi: Iliyomlisha nani? Unguja tulipanda upya kwa mikono yetu.

Mwanahewa: Fundi kauliza swali zito, hakuna aliyemjibu.

Kaka_Ubungo: Kwanza Mkoani anijibu mimi. Nani kamwambia mimi wa bara? Mama yangu mzaliwa wa Chake.

Mtoto wa Mkoani: Chake ipi? Taja mtaa.