Safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya filamu moja: ina maana, au tutazame hukuhuku kwetu?

Mwalimu wa Mikindani

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, habari za kazi. Ninaomba maoni yenu juu ya jambo linalonisumbua tangu likizo ya Desemba 2024, nilipowapeleka wanangu wawili Dar es Salaam kwa shangazi yao, na tukiwa huko tukaingia ukumbini kutazama Mufasa: The Lion King, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imetoka. Kwa asiyeijua, filamu hiyo iliyoongozwa na Barry Jenkins inasimulia maisha ya Mufasa kabla hajawa mfalme: mafuriko yanamchukua akiwa mdogo, yanamtenganisha na wazazi wake, na anaishia kulelewa na simba wengine pamoja na mtoto wao aitwaye Taka, ambaye ndiye Scar, adui tuliyemzoea katika The Lion King ya mwaka 1994.

Binti yangu ana miaka tisa. Jina la Taka lilipotajwa mara ya kwanza, aliniuliza kwa sauti iliyosikika safu nzima: “Baba, kwa nini mama yake alimwita Taka?” Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini swali lile sikuliona la kitoto. Aliyebuni jina hilo alilichota katika lugha yetu kama walivyochotwa Simba, Rafiki na Sarabi, na hata nchi wanayoitafuta hao simba inaitwa Milele. Sisi wenye lugha tukilisikia jina lile tunasikia mambo mawili kwa mpigo, uchafu unaofagiliwa uani na kiumbe anayetaka asichokuwa nacho, na yote mawili yanamfaa mhusika. Mtazamaji wa Chicago nadhani hasikii hata moja. Kwangu hiyo ilikuwa sehemu tamu kuliko zote, kwa kuwa kisa chenyewe kilikwenda mbio kupita kiasi na nyimbo nyingine zilinipita bila kugusa kitu.

Kilichonitia simanzi ni mwanangu wa kiume. Yeye amezoea banda la video la mtaani kwetu, na simba weupe walipotokea alisimama akapiga kelele, “Nyuma yako! Geuka!” Aliyegeuka hakuwa Mufasa, bali bwana mmoja wa safu ya mbele, ambaye alimtazama mtoto bila kusema neno mpaka akaketi. Kuanzia hapo alikaa na pakiti yake ya bisi mapajani, hakula wala hakusema, na mimi nikawa ninawanong’oneza tafsiri kwa sababu filamu ilikuwa ya Kiingereza na haikuwa na maandishi ya Kiswahili.

Sasa wanafunzi wangu wa kidato cha tano, ambao wengi wao hawajawahi kuingia katika ukumbi wa sinema, wameniomba tuchange nauli niwapeleke Dar es Salaam wakatazame filamu yoyote ile, ili mradi iwe kwenye skrini kubwa. Ni zaidi ya kilomita 500 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Nyumbani nina kompyuta, na humo nilitazama Vuta N’Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ninayoifundisha kila mwaka, na niliipenda ingawa umeme ulikatika mara mbili kabla Yasmini, mhusika mkuu, hajafika popote. Je, ukumbi unaongeza nini ambacho kompyuta, simu au banda havina? Ninauliza kwa dhati, kwa sababu wazazi nao wataniuliza.

Binti Shangani

Shikamoo, Mwalimu. Mimi niko upande wa kutazama peke yako, na nitatumia hiyohiyo Vuta N’Kuvute kama mfano, kwa kuwa niliisoma shuleni na baadaye nikaitazama kwa simu, usiku, nikiwa na spika za masikioni. Ile ni filamu inayozungumza kwa kunyamaza. Kitabuni mwandishi anatuingiza moyoni mwa Yasmini na kutueleza anachokiogopa na anachokitamani, lakini kwenye filamu tunaachiwa uso wake tu, na vichochoro vya Zanzibar vya miaka ya 1950, na muziki unaosikika kabla hujamwona anayeupiga. Nilirudia mara tatu sehemu moja ambayo hakuna anayesema neno. Ningekuwa ukumbini nisingeweza kuirudia, na ningekuwa bandani, tusifichane, kuna kaka angekuwa ameshaujaza ukimya ule kwa maoni yake juu ya mavazi ya dada yule.

Nina lalamiko moja juu ya filamu yenyewe. Riwaya ni ndefu, na kuibana katika saa moja na nusu hivi kumeacha nje mambo mengi, kiasi kwamba mdogo wangu, ambaye hajasoma kitabu, aliniuliza mara kwa mara nani ni nani na Denge, mpenzi wa Yasmini, anatafutwa na askari kwa kosa gani. Mwajuma, rafiki wa Yasmini, ndiye aliyeniokoa. Aliyemwigiza, Siti Amina, ni mwimbaji wa taarabu kwelikweli, na anapofungua kinywa huhitaji kuelezwa kitu. Kwa hiyo, Mwalimu, fedha hizo za nauli nunulieni nakala za riwaya, filamu kila mmoja aitazame kwa nafasi yake.

Mzee wa Mnazi Mmoja, Lindi

Mwanangu Mwalimu, na wewe mjukuu wangu wa Shangani, ninawasalimu. Ninyi mnabishana juu ya ukumbi na simu kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Mimi sinema ya kwanza niliiona kijijini, ndani ya Nachingwea, miaka ya 1970, ilipoletwa na gari la sinema.

Gari lilifika alasiri likiwa na kipaza sauti juu, na sisi watoto tukalikimbilia tangu kwenye mikorosho ya mwanzo wa kijiji hadi uwanja wa shule. Jioni wakatundika shuka jeupe baina ya miti miwili, jenereta likawekwa mbali lakini likanguruma kama liko miguuni petu, na tukaanza kuoneshwa jinsi ya kuchimba choo na kuchemsha maji ya kunywa. Hayo tuliyavumilia. Tulichokuwa tukikisubiri ni vichekesho vya mwisho, visivyo na maneno, vya watu wanaokimbizana na kuanguka. Wakubwa walikuwa wameshikilia upande wa mbele wote, basi sisi wadogo tukazunguka tukakaa nyuma ya shuka, na picha ilionekana vizuri tu, isipokuwa ilikuwa imepinduka: maandishi yalikwenda kinyumenyume na kila mtu alikuwa wa mashoto. Nilikaa miaka mingi nikiamini kwamba Wazungu wote wanakula na kusalimiana kwa mkono wa kushoto, na nikawa ninawasikitikia kwa kukosa adabu.

Kaka yangu, marehemu sasa, alifanya kazi bandarini Dar es Salaam, na yeye alikuwa mtu wa kwenda picha katika kumbi za Avalon na Empire, na mara moja alichukuliwa na bosi wake kwenye ule uwanja wa kutazamia sinema ndani ya gari, pale ambapo sasa ni ubalozi wa Marekani. Alikuwa akirudi likizo anatusimulia mkanda wa Kihindi jioni mbili mfululizo, pamoja na nyimbo, ambazo aliziimba bila kujua neno moja la Kihindi, na sisi tukalia mahali pa kulia. Mimi ile Awaara ya Raj Kapoor sijaiona hadi leo, lakini ninaijua kuliko filamu nyingi nilizoziona kwa macho yangu.

Binti yangu, unasema ulitazama peke yako usiku. Je, asubuhi ulimsimulia nani?

Mwenye Banda, Masasi

Shikamoo, Mzee. Mwalimu, habari za siku nyingi. Kwa kuwa banda limetajwa, na si kwa heshima sana, naomba niseme kidogo nikiwa mmiliki wa hicho wanachokiita kibanda umiza. Jina ni haki yake: mabenchi hayana migongo, bati halina dari, dirisha nimelizibia gunia jeusi, na ifikapo saa nane mchana mtu anatoka amelowa kama aliyetoka kuoga. Kiingilio ni shilingi 500 kwa filamu, na ratiba naiandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni. Siwezi kudai kuwa filamu ndizo zinazonilisha, kwani mpira wa Ulaya ndio unaolipa kodi ya kiwanja, na msimu wa fedha za korosho ndio unaonunua spika mpya.

Lakini kuna kitu bandani ambacho Dar es Salaam hakipo, nacho ni sauti ya mtafsiri. Wengi wetu tulikua na mikanda iliyotafsiriwa na Lufufu, na waliomfuata wameigeuza kazi ile kuwa sanaa. Mtafsiri mzuri hamwelezi mtazamaji maneno tu, bali humtambulisha steringi, yaani shujaa wa filamu, tangu anapoingia, humwonya asimwamini adui, na humpachika jina la mtaani kwetu kiasi kwamba askari wa Marekani anaweza kuwa anamkimbiza mtu kuelekea stendi ya Masasi. Kuna vijana wanalipa mara mbili kwa filamu moja, mara ya kwanza kwa ajili ya picha na mara ya pili kwa ajili ya mtafsiri. Sikatai kwamba anapotosha. Nimewahi kuonesha filamu ya kivita ambayo mtafsiri alimfanya jenerali kuwa baba mkwe wa steringi, na hakuna hata mmoja bandani aliyeondoka akijua kuwa hawakuwa na undugu wowote.

Nitawapa kisa kimoja. Niliwahi kuweka filamu ya Kitanzania iliyotengenezwa kwa utulivu, ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Baada ya dakika kama ishirini, mzee mmoja wa mbele aligeuka akaniuliza, “Mbona mtafsiri hasemi?” Nikamwambia, mzee, hicho ni Kiswahili. Akajibu kwamba anakisikia kuwa ni Kiswahili, ila hakuna anayemwambia maana yake. Nilicheka siku ile, na siku hizi sicheki tena, kwa sababu nimegundua kuwa wateja wangu hawaji kutazama filamu, wanakuja kuitazama pamoja na mtu anayeijua.

Kwa hiyo, Mwalimu, mwanao hakukosea. Alikuwa anafanya kazi ya mtafsiri.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa kuwa limeshanigharimu: ukitaka kuonesha filamu mbele ya umati, hata kama ni shuleni na hakuna kiingilio, waandikie kwanza wenye filamu upate ruhusa yao kwa maandishi, kwani kazi ile ina hakimiliki, na uangalie imepangiwa watazamaji wa umri gani.

Binti Shangani

Mzee, swali lako limenipata. Asubuhi ile nilimpigia simu dada yangu aliyeko Newala, nikamsimulia hadi salio likaisha, naye hakuwa ameitazama. Hata hivyo sijabadili msimamo wangu juu ya ukimya. Kaka wa Masasi, ninaomba umwulize mtafsiri wako angesema nini mahali ambapo Yasmini anatazama tu na hasemi neno. Kama ana jibu zuri, nitalipa hiyo 500 na nauli juu.

Mwenye Banda, Masasi

Dada, nimemuuliza. Amesema mahali hapo naye angenyamaza, kisha angekohoa kidogo ili watu wajue kwamba yupo.

Mwalimu wa Mikindani

Ninawashukuru nyote, na wewe Mzee, shikamoo. Nimezungumza na mkuu wa shule pamoja na wazazi watatu, na safari ya Dar es Salaam tumeiacha. Wanafunzi walinuna siku moja, kisha mmoja wao akauliza kama bwalo la chakula halina ukuta mweupe. Lina ukuta, ila umejaa alama za mikono na ratiba ya zamu za kuosha masufuria, kwa hiyo tutatundika shuka. Projekta ipo, ya kuazima, na mafuta ya jenereta tumeyatenga kwa kuwa umeme siuamini. Barua ya kuomba ruhusa ya kuonesha Vuta N’Kuvute nimeiandika kwa Kiswahili fasaha kadiri nilivyoweza, nikieleza kwamba watazamaji watakuwa wanafunzi wanaoisoma riwaya hiyo darasani, na ninasubiri jibu. Nimeamua tutatazama mara mbili: mara ya kwanza kimya kabisa kama anavyotaka Binti Shangani, na mara ya pili mwenye la kusema aseme hapohapo, nami nitakaa pembeni nione maswali yanatokea wapi.

Mwanangu hataingia, kwa sababu ile ni filamu ya watu wakubwa, lakini nimemwahidi kwamba tukifaulu tutatafuta ya watoto na kuitundikia uwanjani. Jana usiku nilimsomea maneno ya Mzee. Ameniomba siku hiyo akae nyuma ya shuka. Nikamweleza kuwa huko kila kitu kitakuwa kinyume na kila simba atakuwa wa mashoto, naye akasema hana shida na hilo, kwani nyuma ya shuka hakuna safu ya mbele.